Kigari cha mtoto cha magurudumu matatu: Mambo ya kukagua kabla ya kukishusha mlimani

Mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi, baadhi ya barabara kuu za jiji la Kigali nchini Rwanda hufungwa kwa magari, na wakazi hutoka kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Utaratibu huo ulianzishwa mwaka 2016. Katikati ya wakimbiaji hao huonekana pia mzazi mmoja mmoja akisukuma kigari cha mtoto chenye magurudumu matatu: moja mbele na mawili makubwa nyuma, yakiwa na tairi zinazofanana na za baiskeli.

Kwa mtazamo wa kwanza, jiji hilo na chombo hicho vimeumbiwa kuwa pamoja. Kigali ina lami nzuri na njia za waenda kwa miguu ambazo miji mingi ya jirani inazitamani. Lakini ina jambo jingine ambalo karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi hailitaji: karibu kila barabara ama inapanda ama inateremka. Kigari kinachosifiwa katika bustani tambarare za Ulaya, kikifika kwenye miteremko ya Nyamirambo au Kimihurura huwa ni chombo kingine, na maswali ya kumwuliza muuzaji nayo hubadilika. Ndivyo ilivyo pia kwa mzazi wa Kampala, Bukavu au Mbeya.

Bei, rangi na idadi ya mifuko vinaweza kusubiri. Yasiyoweza kusubiri ni mawili: namna gurudumu la mbele lilivyoshikwa, na namna kigari kinavyosimama.

Kilianzia kwa mkimbiaji

Mwaka 1965 nchini Uingereza, Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyekwishastaafu, alibuni kigari chepesi kinachokunjwa kama mwavuli. Kilimfaa sana abiria wa basi na treni, kwa kuwa kilibebeka kwa mkono mmoja. Magurudumu yake, hata hivyo, yalikuwa madogo mno kwa mawe, mchanga na mashimo, na vigari vingi vyepesi vinavyouzwa leo katika miji yetu ni wajukuu wa ubunifu huo.

Kile cha magurudumu matatu kina asili nyingine. Mwaka 1984 mjini Yakima, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mfanyakazi wa gazeti aitwaye Phil Baechler, ambaye pia alikuwa mkimbiaji, alitaka kukimbia bila kumwacha mtoto wake nyumbani. Alichukua kigari cha kawaida na kukifungia magurudumu ya baiskeli. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa kampuni ya Baby Jogger, na nyuma yake yakafuata makampuni mengine, yakiwemo ya New Zealand ambako katika miaka ya 1990 vilitengenezwa vigari vya namna hiyo kwa ajili ya njia za mashambani.

Historia hiyo ina umuhimu kwa mnunuzi wa leo, kwa sababu umbo la magurudumu matatu lilipopendwa, lilianza kunakiliwa na watengenezaji ambao hawakuwa na nia ya kumhudumia mkimbiaji. Hivi sasa madukani kuna aina mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni kigari cha kukimbilia: magurudumu yake ni makubwa, aghalabu ya inchi 12 hadi 16, la mbele linaweza kufungwa lisigeuke, na mpini wake una mkanda wa kuvaliwa kiganjani. Ya pili ni kigari cha matembezi chenye magurudumu matatu kwa ajili ya wepesi wa kukata kona dukani, na pengine kwa ajili ya mwonekano tu. Kiwango cha Ulaya kinachohusu vyombo hivi, EN 1888, huwataka watengenezaji kuweka onyo kwamba kigari hakifai kwa kukimbia wala kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo katika kijitabu, na kijitabu ndicho kitu cha kwanza kupotea pindi kigari kinapouzwa kwa mtu wa pili.

Mafiga matatu

Anayejua kupika kwa kuni anaifahamu kanuni inayokisaidia kigari hiki. Chungu kilichowekwa juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata ardhi iwe na mabonde. Kingewekwa juu ya manne, moja lingekuwa fupi na chungu kingecheza. Vivyo hivyo, magurudumu matatu hugusa ardhi yote kwa wakati mmoja, ilhali kigari cha manne katika njia mbovu mara nyingi huwa na gurudumu moja hewani. Zaidi ya hayo, gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambalo dogo lingezama ndani yake. Katika barabara ya vumbi yenye makorongo ya mvua tofauti hiyo haihitaji kuelezwa. Mikono ya anayesukuma huitambua ndani ya dakika moja.

Lakini msingi wa kigari hiki una umbo la pembetatu, na pembetatu huwa nyembamba kuelekea mbele. Kigari kinapogeuzwa kwa ghafla kikiwa katika mwendo, au kinapopita ukingoni mwa njia iliyoinama upande mmoja, uzito huhamia kwenye kona ya mbele ambako hakuna gurudumu la kuupokea. Hapo ndipo kinapopinduka, kwa mshazari. Kwa sababu hiyo upana wa nyuma na urefu wa kiti kutoka ardhini ni vipimo vya kutazamwa kwa makini zaidi kuliko unene wa godoro. Kiti kikiwa chini na magurudumu ya nyuma yakiwa yameachana vizuri, kigari hutulia. Kiti kikiwa juu na ekseli ikiwa fupi, hakuna mapambo yatakayokituliza.

Hatari ya pili ni ya kujitakia. Mzazi akirudi kutoka sokoni hutundika mifuko kwenye mpini. Mtoto akiwa ndani, uzito wake huizuia mifuko. Mtoto akitolewa, kigari huanguka kinyumenyume. Na mtoto akijivuta kwa nyuma wakati mifuko bado imening'inia, wanaweza kwenda pamoja. Viazi vikae katika kapu la chini, lililo karibu na ardhi.

Gurudumu la mbele

Katika kigari cha magurudumu manne, gurudumu moja likitoka, yanabaki matatu ya kukishikilia. Katika hiki, la mbele likitoka hakuna jingine. Fremu huchoma ardhi, kigari husimama papo hapo, na mtoto hutupwa mbele pamoja na mtu anayesukuma.

Jambo hilo si la kufikirika. Mwezi Februari mwaka 2018, Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, ijulikanayo kwa kifupi CPSC, ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Britax kuhusu vigari vya kukimbilia vya B.O.B. Tume ilieleza kwamba tangu mwaka 2012 ilikuwa imepokea takriban taarifa 200 za gurudumu la mbele kuchomoka wakati kigari kikitumika, na kwamba watoto wasiopungua 50 na watu wazima wasiopungua 47 walikuwa wameumia. Kampuni ilikanusha kuwa bidhaa yake ina kasoro, ikisema ni salama inapofungwa kwa usahihi. Kesi hiyo ilimalizika Novemba mwaka huohuo kwa makubaliano: vigari havikuamriwa kurudishwa kiwandani, badala yake kampuni iliahidi kuendesha kampeni ya kuelimisha watumiaji na kutoa, kwa muda maalumu, vipuri vya kubadilisha au punguzo la bei ya kigari kipya.

Kiini cha mzozo kilikuwa kifaa kidogo ambacho fundi yeyote wa baiskeli anakijua: mkono wa chuma unaogeuzwa ili kuibana au kuiachia ekseli bila kutumia spana. Faida yake ni kwamba gurudumu hutolewa kwa sekunde chache kigari kinapotiwa kwenye buti la gari. Hasara yake ni kwamba mkono huo unaweza kulazwa na kuonekana umefungwa, ilhali haujabana chochote. Macho hayawezi kutofautisha.

Mkono ndio unaoweza. Unapolazwa, mkono huo unapaswa kukataa kidogo, kiasi cha kuacha alama kwenye kiganja. Ukilala kwa ulaini, nati ya upande wa pili ikazwe, kisha ijaribiwe tena. Halafu sehemu ya mbele ya kigari inyanyuliwe, mtoto akiwa hayumo, na gurudumu lipigwe kwa ngumi kuelekea chini mara mbili tatu, kisha livutwe kulia na kushoto. Lisitoke, lisicheze. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, na haufanywi siku ya kununua peke yake. Hufanywa kila mara gurudumu linapotolewa na kurudishwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeishi mahali pasipohitaji kulitoa gurudumu kila siku angefanya vyema kuchagua kigari ambacho ekseli yake ya mbele hufungwa kwa bolti na nati. Inachosha zaidi, lakini bolti haijilazi.

Jambo jingine kuhusu gurudumu hilo ni kugeuka kwake. Likiachwa huru huzunguka kila upande, na hilo ni raha katika njia nyembamba za soko au kati ya rafu za duka. Mwendo unapoongezeka, raha hiyo hugeuka kuwa balaa: gurudumu huru huanza kutetemeka kushoto na kulia, na likikutana na jiwe linaweza kujikunja kiubavu ghafla. Vigari vizuri vina kitufe au pini ya kulifunga lielekee mbele tu. Likifungwa, kugeuza kigari kunahitaji kukandamiza mpini ili sehemu ya mbele inyanyuke kidogo, na wanaoanza hulalamika. Hata hivyo, kwa anayekimbia au anayeteremka mlima, hilo ndilo sharti. Kigari kisichoweza kufungwa gurudumu la mbele ni cha kutembelea tu, hata kama jina lake limebuniwa lisikike kama la michezo.

Hesabu ya mteremko

Tuchukue mtoto wa kilo 10, ambao ni uzito wa kawaida wa mtoto wa takriban mwaka mmoja, na kigari cha kilo 12. Katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo, kigari hicho humvuta mzazi kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa kilo 2 wa sukari. Ni kidogo, na ndiyo maana watu hukishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika simu. Tatizo ni kinachofuata endapo mkono huo utateleza. Magurudumu makubwa yenye beringi nzuri hayana kitu kikubwa cha kuyazuia. Kwa hesabu rahisi, katika mteremko huo kigari kilichoachiwa husafiri mita 10 ndani ya sekunde 5 hivi, na kufikia hapo kinakuwa na kasi ya takriban kilomita 14 kwa saa. Hiyo ni mbio za mtu mzima mwenye pumzi, na mzazi bado anaanza kugutuka.

Sifa ileile inayokifanya kigari kiwe chepesi kusukuma katika kupanda ndiyo inayokifanya kiwe cha hatari katika kushuka. Kigari chenye magurudumu madogo ya plastiki hukwama chenyewe kwenye mchanga. Hiki hakikwami.

Kwa hiyo mkanda wa kiganjani, ambao wengi huukata wakidhani ni mabaki ya ufungashaji, una kazi kubwa. Unapaswa kushonwa au kufungwa kwenye fremu yenyewe, usiwe umezungushwa tu kwenye mpira wa mpini, na uvaliwe kila panapokuwa na mteremko. Ukikosekana, fundi wa mabegi anaweza kushona mwingine kwa ukanda imara wa nailoni.

Breki nazo ni za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Breki ya mguu, iliyo kwenye ekseli ya nyuma, ni ya kuegeshea. Hufanya kazi kwa pini au meno yanayoingia kwenye matundu ya gurudumu, nayo haikuundwa kupunguza mwendo. Kuikanyaga kigari kikiwa kinakwenda huweza kuyala meno hayo kidogo kidogo, hadi siku moja yashindwe kushika kigari kikiwa kimesimama. Ya kupunguza mwendo ni breki ya mkono, yenye waya kama ya baiskeli, na si vigari vyote vinayo. Kwa mkazi wa jiji la vilima anayekusudia kukimbia na mtoto, kigari chenye breki ya mkono kinastahili kuongezewa fedha kuliko kile chenye kishikio cha chupa na paa lenye dirisha.

Hata breki ya kuegeshea ikiwa nzima, ihakikishwe kuwa inayafunga magurudumu yote mawili ya nyuma. Zipo zinazofunga moja tu, na kigari hicho kikiwa mlimani huweza kuzunguka polepole kwenye gurudumu lililofungwa mpaka kitazame bondeni.

Tairi, pancha na fundi wa jirani

Hapa kuna habari njema. Tairi za kigari kizuri hujazwa upepo, na ingawa muuzaji atazieleza kama teknolojia ya pekee, nyingi hutumia tyubu za ukubwa uleule unaotumika katika baiskeli za watoto, hasa za inchi 12 na 16. Ukubwa huandikwa ubavuni mwa tairi. Vali yake aghalabu ni sawa na ya gari au pikipiki, hivyo pampu ya fundi anayehudumia bodaboda hutosha. Mnunuzi akikuta namba asiyoifahamu ubavuni, aende kwanza kwa muuza vipuri vya baiskeli akaulize kama tyubu yake inapatikana, ndipo arudi kulipa.

Tairi za povu au mpira mtupu hazipati pancha, na zinamfaa anayekaa kwenye lami na asiyekimbia. Kwenye barabara ya mawe humtikisa mtoto zaidi, na springi za nyuma, kama zipo, hazifuti mtikisiko wote. Tairi za upepo nazo zisijazwe hadi ziwe ngumu kama jiwe. Kiwango cha juu kimeandikwa hapohapo ubavuni, na fundi aliyezoea pikipiki huweza kukipita bila kujua.

Mtoto yuko tayari lini?

Swali hili lina majibu mawili. Kwa kutembea, mtoto mchanga anaweza kutumia kigari kuanzia siku za mwanzo iwapo tu kiti hulala kabisa. Mtoto ambaye bado hajaweza kuishika shingo yake, akikalishwa wima, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa iliyo laini bado huweza kubanwa bila yeye kutoa sauti. Vigari vingi vya kukimbilia havilali kabisa, na hivyo si vya mtoto mchanga.

Kwa kukimbia, watengenezaji wengi huweka kikomo cha chini kati ya miezi 6 na 8, na ni busara kumwuliza kwanza mhudumu wa kliniki ya watoto anapopelekwa kupimwa uzito. Mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa na kuigeuza shingo yake kwa uthabiti huwa karibu kuwa tayari. Njia iwe laini hata hivyo; barabara ya makorongo si ya kukimbilia na mtoto wa umri wowote.

Mkanda uwe wa ncha tano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa kati ya miguu. Ufungwe hata mtoto akiwa amelala, na hasa akiwa amelala. Mwaka 2010 nchini Marekani vigari takriban milioni 2 vya Graco, vya aina za Quattro na MetroLite, vilitangazwa kuondolewa katika matumizi baada ya kuripotiwa vifo vya watoto 4. Watoto hao walikuwa wameteleza kwa miguu kupitia nafasi iliyo kati ya kiti na trei ya mbele, vichwa vikakwama. Hivyo vilikuwa vya magurudumu manne, lakini nafasi hiyo ipo katika kigari chochote chenye ufito au trei mbele ya mtoto.

Kisha kuna jua na moshi. Karibu kila mzazi wa ukanda huu amewahi kufunika kigari kwa kitenge au kanga ili mtoto apate kivuli. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney uliochapishwa mwaka 2023 uligundua kwamba kitambaa chepesi kikavu kilichofunika kigari kiliongeza joto ndani yake kwa karibu nyuzi 4, ilhali kitambaa hichohicho kikiloweshwa maji na kuwekewa feni ndogo kililipunguza kwa karibu nyuzi 5. Paa pana linalosogezwa kufuata jua, likiacha hewa ipite pande zote, ni bora kuliko kitambaa kikavu kinachofunga kila upenyo.

Kuhusu moshi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza walieleza mwaka 2018 kwamba mtoto aliyeketi kwenye kigari, akiwa kati ya sentimita 55 na 85 kutoka ardhini, huweza kuvuta hewa yenye uchafu hadi asilimia 60 zaidi ya ile inayovutwa na mzazi anayemsukuma. Kiti cha chini ambacho tumekisifu kwa utulivu ndicho kilicho karibu na mdomo wa bomba la moshi. Hakuna kigari kinachoweza kulitatua hilo. Ni njia inayopaswa kubadilishwa: barabara ya nyuma badala ya barabara kuu, na umbali kidogo kutoka kwenye magari yaliyosimama kwenye taa.

Kisipofaa

Pamoja na sifa zake zote, kuna nyumba ambazo chombo hiki hakizifai. Kilo 12 pamoja na mtoto hazipandi ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa mtu mmoja. Hakiingii kwenye basi lililojaa, na hata kikikunjwa kondakta atakidai nauli ya abiria. Pikipiki haikibebi. Katika soko lenye matope na watu waliosongamana, mgongo wa mama na mbeleko, au ingobyi kama waitavyo Wanyarwanda, bado hushinda kila kilichobuniwa Yakima au kwingineko. Anayekihitaji kwa ajili ya kwenda kliniki mara moja kwa mwezi ana sababu ndogo ya kukinunua.

Cha mtumba

Bei ya kigari kipya cha kukimbilia kilichoagizwa kutoka nje humshinda mzazi wa kawaida, kwa hiyo wengi hukutana nacho kikiwa kimekwishatumika Ulaya au Marekani na kuingia kwa kontena kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Hakuna aibu katika hilo, na fremu nzuri ya alumini huweza kulea watoto watatu wa nyumba tatu. Lakini kigari cha mtumba huja bila kijitabu, bila risiti, na bila historia yake.

Kitafutwe kibandiko chenye jina la aina na tarehe ya kutengenezwa. Aghalabu kimegandishwa kwenye bomba la chini karibu na ekseli ya nyuma. Jina hilo likiandikwa katika tovuti ya CPSC au katika Safety Gate ya Umoja wa Ulaya, mnunuzi ataona kama bidhaa hiyo iliwahi kutolewa tahadhari. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, mnunuzi ana haki ya kujiuliza ni kwa nini.

Bawaba zikaguliwe kwa kukikunja na kukikunjua mara kadhaa, vidole vikiwa mbali. Kuwe na makomeo mawili yanayozuia fremu isijikunje yenyewe, na yote mawili yashike. Buckle ya mkanda ibanwe na kuachiwa mara kumi. Rangi iliyochubuka si kitu, ila ufa mwembamba kwenye maungio ya alumini ni sababu ya kukiacha, kwa kuwa alumini haichomelewi na kila fundi.

Mwisho, kijaribiwe kikiwa na mzigo. Mfuko wa kilo 10 wa unga ufungwe ndani yake kwa mkanda kana kwamba ni mtoto. Gurudumu la mbele likiwa limefungwa, kisukumwe taratibu kwenye sakafu tambarare na kuachiwa: kiende moja kwa moja kwa mita tatu au nne bila kuvuta upande mmoja. Kisha kipelekwe kwenye mteremko mkali kuliko wote ulio karibu na duka, kiegeshwe kwa breki ya mguu kikitazama chini, na mnunuzi asimame mbele yake mikono ikiwa tayari, kwa dakika tano kamili. Muuzaji asiyekuwa na subira ya dakika hizo tano atapata mnunuzi mwingine.